Ana shahada ya ugavi lakini haitwi kwenye usaili

SWALI: Mimi ni mama, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma. Mwanangu alimaliza shahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2022. Kila tangazo la Afisa Ugavi likitoka Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, anaomba, lakini hajawahi kuitwa hata kwenye usaili wa mchujo. Sasa kuna mtu anasema nikimpa milioni moja na nusu, jina litaingia. Nimeshaanza kutafuta mteja wa mbuzi wangu. Nifanyeje? Au nimpeleke Dar es Salaam?

JIBU: Shikamoo mama. Tafadhali usiuze mbuzi. Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hakuna malipo, na huyo anayejidai ana njia ya kuingiza jina ni tapeli. Isitoshe, hela ya kununulia ajira ni rushwa kwa anayetoa kama ilivyo kwa anayepokea. Habari zake zipeleke TAKUKURU.

Mimi ni mtaalamu wa ununuzi, na kwenye maelezo yako limenishika jambo moja: hajaitwa hata mara moja. Angekuwa anaitwa na kuanguka, ningesema akazane kusoma. Asiyeitwa kabisa, mara nyingi amekwama kwenye vyeti, kabla hata mtu hajaupima uwezo wake. Kuzidisha maombi hakutamsaidia mpaka kasoro hiyo ionekane.

Katika fani yetu, ninachokishuku kwanza ni usajili wa bodi. Matangazo ya Afisa Ugavi Daraja la II hayaishii kwenye shahada. Hutaka pia mwombaji awe amesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, yaani PSPTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Wapo wahitimu wanaodhani bodi ni ya waliokwisha kuajiriwa, au kwamba ni lazima kwanza wamalize mitihani yote ya CPSP, yaani mitihani ya kitaaluma ya bodi hiyo. Sivyo. Mhitimu wa shahada ana ngazi yake ya usajili na anaweza kuiomba akiwa bado hana kazi. Muulize kijana, kwa upole, kama cheti hicho anacho. Kama hana, ada ya usajili ndiyo gharama ambayo mzazi anaweza kumsaidia bila kujuta.

Kingine ni majina. Mwambie atandaze vyote mezani: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo na kitambulisho cha NIDA. Asome herufi kwa herufi. Ukikuta kimoja kina Mohamed na kingine Mohamedi, au jina la babu limerukwa, hapo pana kazi ya kufanya: kosa la NIDA lirekebishwe huko huko NIDA, na kama majina yenyewe yanatofautiana, amwone wakili amwandalie hati ya kisheria ya kubadili jina. Aangalie pia alichopakia kwenye akaunti yake. Hati ya muda ya matokeo haikubaliwi, kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Nakala ziwe zimethibitishwa na mwanasheria, barua iwe na sahihi, na CV iwe na wadhamini watatu ambao simu zao zinapatikana.

Wakati hayo yanashughulikiwa, asikae. Mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST ulianza mwaka 2023, na zabuni za serikali sasa zinapita humo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huo huo inazitaka taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao ya mwaka kwa vikundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Dodoma hii, tangu serikali ihamie, imejaa taasisi zinazonunua samani, chakula, usafi na vifaa vya ofisi. Lakini seremala wa Chang'ombe au kikundi cha akina mama wapishi wa Majengo wana mikono mizuri, ila hawajui kujisajili NeST wala kuandaa nyaraka za zabuni. Mwanao amesomea hilo hilo. Aende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata aulize vikundi vilivyosajiliwa, achague kimoja, akisaidie kuanzia usajili hadi zabuni ya kwanza.

Wapatane malipo ya kazi yenyewe, hata yakiwa madogo, asisubiri asilimia ya ushindi, maana zabuni inaweza kukosekana na jasho likapotea. Nywila ya akaunti ya kikundi kwenye NeST asikae nayo yeye, ibaki kwa viongozi wao. Na kila kikundi anachokihudumia kimpe barua fupi ya kueleza alichofanya na lini. Nakuhakikishia, mwajiri binafsi akiona barua tatu za namna hiyo atasoma CV hiyo kwa jicho tofauti na ile yenye shahada peke yake.

Dar es Salaam haina haraka. Huko atalipa kodi ya chumba akiwa na vyeti vile vile vyenye kasoro, wakati kwako analala bure na ofisi za wizara ziko Mtumba. Cheti cha bodi kikitoka, akipakie kwenye akaunti yake ya Ajira Portal siku hiyo hiyo, maana tangazo likitoka muda wa kuomba huwa mfupi.