Mkono unakufa ganzi siku ya mashindano tu

SWALI: Shikamoo Mama. Nacheza gemu za kulenga shabaha kwenye kompyuta, na timu yetu imeanza kuingia mashindano. Mazoezini nakaa hata saa nne bila shida. Siku ya mechi vidole vinakuwa baridi, mkono unatetemeka, na tukifika ramani ya pili (uwanja wa pili wa mechi) kidole kidogo na cha pete vimeshakufa ganzi. Wenzangu wanasema ni woga, nitazoea. Kweli?
Mlenga shabaha, miaka 19

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenzako wamepatia nusu. Baridi na kutetemeka ni hofu kweli: mwili unamwaga adrenalini, mishipa ya damu ya ngozini inabana, vidole vinapoa.

Ganzi ni kesi nyingine, na ahsante kwa kutaja vidole, maana wengi huniandikia “mkono unauma”, basi. Ingekuwa gumba, shahada na cha kati, ningeshuku kifundo cha mkono. Kidole kidogo na cha pete vinanipeleka kwenye kiwiko. Neva yake inapita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, karibu kabisa na ngozi. Ndiyo ile ukijigonga mkono mzima unapigwa shoti.

Sasa mwombe mtu akurekodi mechini kutoka ubavuni. Akurekodi wewe, si skrini. Nadhani utaona mabega yamepanda, kipanya umekibana, na kiwiko umekikandamiza kwenye ukingo wa meza. Na meza hiyo si ile uliyoizoea. Hofu haikuletei ganzi; inakufanya uegemee, na kuegemea ndiko kunakoibana neva.

Fika mapema upandishe kiti mpaka kiwiko kilingane na meza au kizidi kidogo. Miguu ikining’inia, tafuta cha kukanyagia. Kiti hakipandi? Kunja taulo ulaze mkono juu yake, kiwiko chenyewe kibaki hewani. Ukishauawa kwenye raundi na unasubiri, achia kipanya, nyoosha kiwiko, shusha mabega, kisha toa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta. Mapigo ya moyo yatapungua. Kwa baridi, nawa maji ya vuguvugu kabla ya kukaa. Na yale makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu (siyapendi, wala sifichi), kafeini yake inazidisha kutetemeka.

Hilo la kuzoea likatae. Thomas Paparatto, anayejulikana kama ZooMaa kwenye gemu ya kulenga shabaha ya Call of Duty, alijiweka kando Januari 2021 kwa sababu ya jeraha la gumba na kifundo cha mkono, na huyo alikuwa mchezaji wa kulipwa.

Usiku usilalie kiwiko kilichokunjwa. Ganzi ikiamka nawe asubuhi, vitu vikianza kukuponyoka, au nyama iliyo kati ya gumba na shahada ikibonyea, nenda kwa daktari wiki hiyohiyo, hata kama ni wiki ya fainali.