Kila faili limegeuka folda

SWALI: Shikamoo, Fundi. Nimeandika kiunganishi (linker) kidogo, programu ya kuunganisha mafaili ya .o kuwa programu moja. Mtu akiita funsheni isiyokuwepo, kinamtajia faili na mstari. Tulipohamia kompaila mpya kikagoma: toleo la 5 la DWARF, muundo wa taarifa za kusaka makosa ndani ya .o, halijulikani. Nimeandika upya usomaji wa kichwa cha jedwali la mistari (linaloonyesha kila amri ilitoka faili na mstari upi), zile baiti 2 mpya baada ya namba ya toleo nikazihesabu. Sasa kila faili linatajwa kwa jina moja, tena la folda! Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kichwa umekisoma sawasawa, maana ungekosea ungepata takataka, si jina safi la folda.

DWARF 5 ya mwaka 2017 (kompaila ya GCC huitoa bila kuombwa tangu toleo la 11, ya Clang tangu la 14) iliacha kulazimisha majina yakae ndani ya jedwali. Mara nyingi mle kuna namba tu, inayoonyesha jina lilipo ndani ya .debug_line_str, sehemu ya faili inayotunza majina hayo. Na faili lako la .o bado halijaunganishwa! Kwenye prosesa za x86-64 namba hiyo imehifadhiwa katika rilokesheni, yaani agizo kwa kiunganishi la kujaza namba mahali fulani. Jedwalini pameachwa sifuri. Wewe unasoma sifuri kila mara, na mwanzoni mwa .debug_line_str kwako inaonekana kumekaa jina la folda.

Bila shaka rilokesheni za anwani, zile za baiti 8, unazitekeleza tayari. Ongeza R_X86_64_32, ya baiti 4, kabla hujagusa kichwa. Mimi hili lilinila siku mbili nzima, nikiilaumu kompaila.

MD5 (alama ya kuhakiki yaliyomo kwenye faili) ukikutana nayo jedwalini, ruka baiti 16 uendelee.

Kuna mtego mwingine, na huu ni mjanja zaidi. Zamani faili la kwanza lilikuwa namba 1, kwa hiyo nina hakika una mahali unapotoa moja kwenye namba ya faili. Katika toleo la 5 hesabu inaanza 0: usitoe kitu. Ukisahau, unaweza usigundue, kwa sababu GCC hurudia faili kuu kwenye 0 na 1; ukitoa moja bado unaangukia palepale. Kosa linajitokeza kuanzia faili namba 2. Kwa hiyo usijaribu kwa faili la .c peke yake. Weka wito wa funsheni isiyokuwepo ndani ya funsheni iliyoandikwa kwenye faili la .h linaloingizwa na lile la .c, uunganishe. Kiunganishi kikikutajia .c, kutoa moja bado kumo.