Pesa ya tangazo langu inakwenda wapi?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vitano hapa Shela, Lamu. Tangu kusi litulie nampa kijana mmoja shilingi 15,000 kila mwezi anitangazie Facebook. Nikimuuliza, hunitumia picha ya simu: "limeonekana mara 40,000." Mgeni sijampata hata mmoja. Nitajuaje kama pesa inatumika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha hiyo isikutulize. Mtu mmoja akionyeshwa tangazo mara kumi, hapo huhesabiwa kumi. Uliza waliofikiwa ni watu wangapi, waliobonyeza ni wangapi, na wako wapi. Chumba cha Shela hakiuzwi kwa jirani wa Shela!

Ila la kwanza kabisa: akaunti ya matangazo ni ya nani? Ikiwa ni yake, siku mkikosana anaondoka na kumbukumbu zote. Fungua yako, ilipiwe kwa kadi yako, yeye umpe ruhusa ya kuendesha tu. Risiti za Meta, kampuni yenye Facebook, utaziona mwenyewe, na ujira wake mtalipana kando. Nilipokuwa na duka Malindi nilichanganyiwa vitu hivyo viwili mwaka mzima. Hadi leo sijui tangazo lilikula ngapi na mtu alikula ngapi. Iliniuma sana.

Leo usiku fungua Maktaba ya Matangazo ya Meta, ni bure, uandike jina la ukurasa wako. Tangazo linaloendelea huonekana hapo na tarehe lilipoanza. Usipoliona, mpigie kabla hujatuma ya mwezi huu.