Anemoni Anayepauka Ndani ya Tangi

SWALI: Ninaishi Mikindani. Katika tangi langu la maji ya bahari, lenye miezi miwili tu, nina anemoni mmoja (mnyama laini wa baharini anayefanana na ua) aliyesinyaa na kupauka, na samaki wawili wa aina inayoishi ndani ya anemoni. Je, nimwondoe?

JIBU: Ndugu msomaji, usimwondoe maadamu mdomo wake umefumba na mguu wake umeshika jiwe, lakini ukiona mdomo umeachama na mwili unameguka kwa harufu mbaya, mtoe mara moja, kwani atachafua maji na kuwaua samaki. Anapauka kwa sababu amepoteza vijimea vinavyoishi mwilini mwake na kumlisha kwa nguvu ya mwanga, hivyo taa ya kawaida ya sebuleni haimtoshi. Mwekee taa kali ya kukuzia matumbawe, uiongeze nguvu polepole, na umpe kipande kidogo cha nyama ya kamba wa baharini mara moja kwa wiki. Ziba mdomo wa pampu kwa sponji, maana anemoni hutembea na anaweza kunyonywa humo.

Kwa maoni yangu tangi lako bado ni changa mno. Angalau miezi 6 ilihitajika kabla ya kumweka anemoni. Akifa, tafadhali usichukue mwingine kwenye miamba ya Msimbati, mkoani Mtwara, iliyomo ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Samaki wako wataishi vizuri hata bila anemoni.