Taa gani inafaa banda la ng'ombe wawili?

SWALI: Nina ng'ombe wawili wa maziwa hapa Rungwe. Nakamua saa 11 alfajiri kwa tochi. Nifunge taa gani isiyokula umeme?

JIBU: Ndugu mfugaji, balbu mbili za LED za wati 9 zinatosha. Zikiwaka saa 4 kwa siku, kwa mwezi zinatumia uniti 2 na kidogo. Balbu mbili za zamani za wati 60 zingetumia zaidi ya 14. Moja ifunge katikati ya banda. Ya pili iwe nyuma ya ng'ombe, si mgongoni kwako, kivuli chako kisiangukie kiwele. Mabonge kwenye maziwa ya mwanzo unapoanza kukamua, dalili ya ugonjwa wa kiwele, hayaonekani kwa mwanga hafifu.

Bandani holda, yaani kishikio cha balbu, huharibika kabla ya balbu. Amonia ya mkojo na unyevu hula shaba yake, inaota kutu ya kijani, taa inaanza kupepesa. Nunua holda yenye kifuniko kilichoandikwa IP65, yaani kisichopitisha vumbi wala maji ya kurushwa, hata kama bei imezidi. Waya upite ndani ya paipu ya plastiki maana panya hutafuna, na fundi mwenye leseni aweke waya wa ethi, unaopeleka umeme ardhini ukivuja.