Ukitaka kunoa picha za Landsat, anza na bendi ya 8

Wanaojifunza ramani huniuliza programu ipi inanoa picha za setilaiti vizuri. Huwa nawauliza kwanza wamepakua faili gani. Setilaiti za Marekani za Landsat 8 na 9 hupiga bendi za rangi, yaani picha moja kwa kila sehemu ya mwanga, kwa pikseli za mita 30, na bendi ya 8, ambayo ni nyeusi na nyeupe, kwa mita 15. Kunoa ni kuunganisha rangi za zile na ukali wa hii. Sasa, bendi ya 8 haimo kwenye data za daraja la 2 (Level-2), zile ambazo athari za angahewa zimeshaondolewa. Tafuta faili za daraja la 1, zenye L1TP kwenye jina. Usipoziona, hakuna programu itakayokusaidia.

Jambo la pili ndilo huharibu rangi. Njia ya kunoa iitwayo Brovey, ambayo GDAL, programu huria ya data za ramani, huitumia bure kabisa, huzidisha kila rangi kwa bendi ya 8 kisha hugawa kwa wastani wa rangi zote. Inafaa pale tu bendi ya 8 inapoona mwanga uleule wa rangi hizo. Ya Landsat 8 huona mawimbi ya mwanga ya takriban nanomita 500 hadi 680, yaani kijani na nyekundu. Buluu karibu yote iko nje. Ukizipa bendi tatu uzito sawa, rangi huyumba. Mimi huipa buluu uzito mdogo sana, kisha naangalia maji na mchanga kabla ya kitu kingine chochote.

Landsat 7 ni kisa kingine. Bendi yake ya 8 hufika nanomita 900, ndani ya infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, ambako majani hung'aa mno. Noa mikoko ya delta ya Rufiji kwa rangi tatu za kawaida, utapata kijani cha ajabu. Ingiza na infraredi kwenye wastani, itatulia.

Halafu, usipime afya ya mimea kwa picha iliyonolewa. Rudi kwenye bendi asilia. Iliyonolewa ni ya kutazama na kuchapisha.

Na kusema kweli, kwa picha za kuanzia mwishoni mwa 2015 sijisumbui: Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, hutoa rangi za mita 10 moja kwa moja. Landsat naihitaji ninaporudi nyuma. Hapo nako chagua tarehe kwa makini, maana tangu 31 Mei 2003 picha za Landsat 7 zina mistari mitupu, mipana zaidi pembeni. Eneo lako likiangukia katikati ya picha, una bahati.