Kabla hujabeba hojaji kwenda mtaani

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya kuwauliza watu kwa hojaji za afya ya akili, nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa hojaji iliyotafsiriwa na mtu ambaye, nadhani, hakuwahi kuisoma kwa sauti mbele ya yeyote. Sentensi moja ilisema: "Nahisi niko ukingoni." Nikamsomea mzee mmoja wa Likoni, kibarazani kwake. Akanitazama. "Ukingo wa nini, mwanangu? Wa feri?" Kilichokusudiwa ni mtu ambaye roho yake iko juu juu. Mzee akajibu "hapana kabisa", nami nikaandika hivyo hivyo, alama yake ikashuka bure.

Kwa hiyo tafsiri ikishamalizika na mwingine ameirudisha Kiingereza kuilinganisha, wasomee watu watano sita wa mtaani umuulize kila mmoja: umeelewa nini hapo? Hatua hii ndiyo hurukwa, maana haina posho. Humo ndimo utakapokutana na "mara kwa mara". Kwa mmoja ni karibu kila siku. Kwa jirani yake ni siku moja moja. Ukiliweka kama chaguo la jibu, utajumlisha embe na nazi. PHQ-9, hojaji ya dalili za sonona, huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita, na mimi huhesabu siku na mtu: tangu Ijumaa ile mpaka leo, zilikuwa ngapi?

Tena msifungue na "unajisikiaje?" Mtu wa Mombasa ukimuuliza hali atakwambia salama, alhamdulillahi, hata kama amefukuzwa nyumba jana. Hakudanganyi, amekujibu salamu. Anzeni na tukio. Katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, tatizo la kushindwa kuzoea mabadiliko halipo bila tukio: jambo limempata mtu, na dalili kwa kawaida huanza ndani ya mwezi mmoja. Dalili zenyewe ni mafungu mawili: mawazo yameganda kwenye jambo hilo, na maisha ya kila siku yamemshinda. Ndiyo maana ADNM-20, hojaji ya tatizo hilo, hutanguliza orodha ya matukio kabla ya kuuliza dalili.

Orodha nayo ina mitego. Dereva mmoja wa lori wa Changamwe hakuweka alama kwenye "kupoteza kazi". Hakufutwa, alisema, mizigo ilihamia reli ya SGR na lori likabaki limeegeshwa. Tulipoongea, usingizi ulikuwa umemkimbia kwa sababu ya lori hilo hilo. Na tarehe msiulize kwa mwezi wa Kizungu peke yake. Ulizeni kabla ya Ramadhani au baada ya Idi, kabla shule hazijafungwa au baadaye.

Lililonifunza zaidi lilitokea Mji wa Kale. Mama mmoja alifiwa na mume, na hojaji ina maswali ya kujiepusha: unakwepa mahali fulani? Umeacha kuonana na watu? Kila swali, "mara nyingi". Nikawa najaza nikijiona nimepata mgonjwa. Kisha akasema, kwa upole wa mtu anayemsaidia mtoto: "Sitoki, mwanangu. Niko edani." Miezi minne na siku kumi ambazo mjane wa Kiislamu hukaa ndani. Hakuwa anakwepa chochote. Alikuwa anatimiza wajibu wake, na ndugu wanamletea chakula na habari. Sikubadilisha majibu, na nanyi msithubutu kubadilisha ya mtu. Niliandika pembeni: eda, ameanza lini. Nilipomuuliza akitoka atafanya nini, aliniambia bei ya vitambaa anavyotaka kuuza. Huyo alama zake zilikuwa juu, na maisha hayakuwa yamemshinda. Yupo pia ambaye eda imekwisha na bado hawezi kufungua kabati la marehemu. Alama zake na za mama yule zaweza kulingana.

Kwa hiyo 47.5, mpaka wa alama za ADNM-20 uliopendekezwa na watafiti wa Uswisi mwaka 2016, msiutembeze mitaani kama kipimo cha malaria. Unasema nani aongeleshwe zaidi, basi.

Faragha: mavyaa akiwa chumba cha pili, mke atasema hana shida yoyote. Rudini siku nyingine.

Na swali la tisa la PHQ-9, la kutamani kufa. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu hicho kinyume cha Katiba Januari 2025, na hofu bado iko majumbani. Akijibu ndiyo, weka kalamu chini. Usimalize karatasi. Namba ya msimamizi iwe simuni kabla hujapanda matatu asubuhi, na uwe unajua njia ya kumfikisha kitengo cha akili cha Port Reitz siku hiyo hiyo.